Umeme, mbao, cherehani au wodi: kulinganisha kazi nne kwa anayehama ofisini akiwa na miaka 40

Wengi wanaotaka kuhama kazi wakiwa katikati ya umri husema jambo lilelile: nimechoka kuandika ripoti zisizosomwa, nataka kazi ambayo jioni naona nilichokifanya, na ambayo silazimiki kumdanganya mtu ndipo nilipwe. Ombi hilo ni la haki. Shida ni kwamba kazi mpya huchaguliwa kwa sura yake ya nje: harufu ya mbao, sare ya muuguzi, uhuru wa fundi anayejipangia siku. Sura hiyo ni sehemu ndogo sana ya saa 8 za kazi.

Hapa tunazilinganisha kazi nne ambazo watu wa ofisini huzitaja zaidi: umeme wa majengo, useremala, ushonaji na uuguzi. Mshahara hatuuweki mbele, kwa kuwa unatofautiana mno kati ya mahali na mahali. Tunauliza mambo mawili. Kosa likifanyika, linaonekana lini na nani analiona? Na uongo wa kazi hiyo ni upi? Kwa maana kila kazi ina uongo wake, hata hizi zinazosifiwa kuwa za jasho halali. Ukiujua mapema utaweza kukadiria kama unaweza kuukataa kila siku, au utajikuta unaaga tena baada ya miaka miwili.

Kwanza jua unakimbia nini

Kwa wiki 4 weka daftari dogo mezani. Kila jambo linalokuudhi kazini liandike mstari mmoja na uweke herufi pembeni: B kama chanzo ni bosi au wenzako, U kama ulilazimika kusema au kuandika kisicho kweli, M kama ni mwili (macho, mgongo, kukaa kutwa), T kama kazi yenyewe haina tija, yaani isingefanyika hakuna ambaye angeulizia. Andika palepale. Ukisubiri jioni, kila kitu kinageuka B.

Wiki 4 zikiisha hesabu herufi. B zikizidi, tafuta mwajiri mwingine kwa ujuzi ulionao, kwani wodini na kwenye ujenzi kuna mabosi pia, na wengine ni wakali kuliko wa ofisini. U zikizidi, jiulize kama uongo unatoka kwenye taaluma au kwenye kampuni. Mhasibu anayeshinikizwa kupamba hesabu anaweza kwenda kwenye ukaguzi; ofisa mauzo aliyechoka kuuza asichokiamini anaweza kuuza kitu kingine. Kuhama kwa namna hiyo ni suala la miezi, si miaka. M na T zikitawala ndipo kubadili kazi yenyewe kunaleta maana, na ndipo jedwali hili linakuhusu.

| | Umeme | Useremala | Ushonaji | Uuguzi |
|---|---|---|---|---|
| Muda hadi ulipwe kama mjuzi kamili | miaka 3–4 | miaka 2–3 | miezi 6–12 kwa marekebisho ya nguo, miaka 2 na zaidi kwa suti | miaka 3–4 |
| Leseni | nchi nyingi zinaidai | mara chache | hapana | ndiyo |
| Kosa linaonekana | baada ya miezi au miaka | hewa ikibadilika | siku ya kujaribisha nguo | dakika hadi siku chache |
| Analiona nani | mkaguzi, au moto | mteja, akiwa kwake | mteja, mbele yako | mgonjwa na zamu inayofuata |
| Uongo wa kazi | cheti bila vipimo | mbao mbichi | ahadi ya siku | namba zisizopimwa |
| Kinachoumia kwanza | magoti, mabega | mapafu, masikio, vidole | shingo, macho | mgongo, usingizi |

Miaka hiyo ni makadirio ya anayejifunza kwa mfululizo. Wa jioni na wikendi aongeze angalau nusu.

Umeme wa majengo

Anayetoka ofisini hudhani ufundi umeme ni kuunganisha nyaya. Mwaka wa kwanza utatindua kuta, utapitisha mabomba ya plastiki, utavuta kebo darini kwenye joto na vumbi, na utapiga magoti sana. Ubongo unaanza kutumika baadaye, kwenye hesabu za mzigo na kutafuta hitilafu, na hapo watu waliozoea kufikiri kwa utaratibu huwafikia haraka vijana waliowatangulia.

Kwenye mifumo ya volti 230, nyaya za 1.5 mm² kwa taa na 2.5 mm² kwa soketi za kawaida utazikuta sehemu nyingi. Bureka, yaani swichi inayojikata mkondo ukizidi, huchaguliwa kwa kila saketi ili ikate kabla waya haujapata joto la kuuharibu. Kulipua kazi kunaanzia hapa: bureka inakata mara kwa mara kwa sababu mzigo umezidi, mteja analalamika, fundi anafunga bureka kubwa zaidi badala ya kugawa saketi. Malalamiko yanaisha siku hiyohiyo. Tangu hapo waya hauna mlinzi.

Kosa jingine ni skrubu iliyolegea. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.5 kikipitisha ampea 10 kinazalisha wati 50 za joto (10 × 10 × 0.5) ndani ya kijisanduku kisichopitisha hewa. Hilo ni joto la pasi ya kulehemu risasi, likiwa ukutani usiku kucha. Bureka haioni chochote, maana mkondo ni ampea 10 tu, ule uliokusudiwa. Ndiyo sababu fundi makini hukaza kila skrubu kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji wa kifaa, kisha huuvuta kila waya kwa mkono kabla ya kufunga kifuniko.

Kuzima bureka hakuthibitishi kwamba umeme haupo. Utaratibu ni huu: zima, funga kwa kufuli, jaribu testa kwenye chanzo unachojua kina umeme, pima pale unapotaka kushika, kisha rudi uijaribu testa kwenye kile chanzo cha kwanza. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayogundua testa iliyokufa katikati ya kazi.

Mfumo mpya una vipimo vyake, kwa mpangilio. Kabla ya kuwasha: mwendelezo wa waya wa ethi (ule unaoshuka ardhini), uwezo wa ganda la nyaya kuhami umeme kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, usiopungua megaomu 1 (mfumo mpya na mkavu husoma juu zaidi ya hapo), kisha uhakika kwamba swichi inakata waya wa moto na si nyutro. Baada ya kuwasha: kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho kikiwa cha miliampea 30 kinatakiwa kukata ndani ya milisekunde 300. Nyumba ya vyumba vichache inaweza kula nusu siku au siku nzima ya vipimo, na mteja haoni kilichoongezeka. Hapo ndipo uongo ulipo. Fomu inajazwa kwa kalamu ndani ya gari, namba zote nzuri, zote zinafanana. Ukuta umeshapigwa plasta. Hakuna atakayejua, pengine kwa miaka mingi.

Basi umeme unamfaa mtu anayefanya vizuri hata asipotazamwa. Anayehitaji kusifiwa kila jioni atanyauka, kwa sababu kazi nzuri ya umeme haionekani kabisa. Na ukishavuka miaka 40, jambo la vitendo: wengi huanza kupoteza uwezo wa kuona karibu, na ndani ya bodi ya umeme herufi ni ndogo na mwanga ni hafifu. Miwani ya lenzi mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, huona karibu ukitazama chini tu. Anayefanya kazi juu ya kichwa huhitaji lenzi zilizowekwa kwa ajili hiyo. Pima pia uwezo wa kutofautisha rangi kabla ya kulipa ada yoyote. Katika mfumo wa kimataifa waya wa moto ni kahawia, nyutro ni buluu, ethi ni kijani chenye mistari ya njano, na asiyezitofautisha anaweza kukataliwa mwishoni baada ya kumaliza mafunzo.

Useremala

Hii ndiyo kazi inayotamaniwa kuliko zote nne, na ndiyo inayowavunja moyo wengi. Si kwamba ni ngumu kujifunza. Meza nzuri inaweza kukutoka mikononi ndani ya mwaka mmoja. Ugumu ni kuitengeneza kwa saa ambazo mteja yuko tayari kuzilipia. Anayeanza hutumia saa 60 kwenye meza ambayo seremala mzoefu angeimaliza kwa 20, na mteja analipa zile 20.

Kinachoharibika zaidi kinatokana na unyevu. Mbao haitanuki kwa maana yoyote kufuata urefu wa nyuzi zake, lakini kwa upana hutanuka na kunywea hewa inapobadilika. Uso wa meza wenye upana wa milimita 900, unyevu wa mbao ukibadilika kwa asilimia 4, unaweza kusogea milimita 6 hadi 10 kutegemea aina ya mti na namna gogo lilivyopasuliwa. Ukiukaza kwa skrubu na gundi kwenye fremu, hauna pa kwenda: unapasuka katikati au unaisukuma miguu. Dawa ni matundu marefu kwenye fremu, ili skrubu iteleze pamoja na mbao. Kazi ya dakika 15. Asiyeijua hii atatengeneza meza nzuri zitakazorudishwa baada ya msimu mmoja.

Kwa samani za ndani, mbao hutakiwa kuwa na unyevu wa karibu asilimia 8 hadi 12, na zaidi kidogo penye hewa nzito. Iliyopasuliwa juzi iko juu ya asilimia 30. Kanuni ya zamani ya kukausha kivulini ni mwaka 1 kwa kila milimita 25 za unene. Hewa ya joto huufupisha muda huo, lakini haiufuti. Kipima unyevu cha sindano mbili ni kifaa kidogo ambacho ununue kabla ya randa. Usipime mwisho wa ubao, ambako hukauka mapema na kukudanganya. Kata sentimita 30 kutoka mwisho, upime palipokatwa.

Uongo wa kazi unajieleza: kuuza mbao mbichi kwa bei ya kavu, au kupaka rangi ya mti ghali juu ya mti rahisi. Unapoagizwa kitanda cha wiki 2 na mbao kavu hakuna stoo, kishawishi kinakuja siku ya kwanza. Anayekikataa lazima awe na mbao alizozinunua miezi kadhaa nyuma, yaani pesa iliyolala. Uaminifu kwenye useremala una gharama ya mtaji, jambo ambalo wanaoingia hawaliingizi kwenye hesabu.

Kuhusu mwili: vumbi la mbao limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la 1, yaani vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa puani hakitoshi. Unahitaji kifyonza vumbi kwenye mashine na barakoa inayobana uso, na ndevu huizuia isibane. Kelele ikizidi desibeli 85 kwa siku nzima ya kazi huanza kula masikio, na randa ya mashine huvuka hapo kwa urahisi.

Ushonaji

Tutapita haraka, si kwa dharau, bali kwa sababu mlango wake ndio rahisi kuujaribu: cherehani moja, mkasi wa kitambaa usiokata karatasi kamwe, tepu ya kupimia, pasi na meza. Anza na marekebisho: kupunguza kiuno, kukata pindo, kubadili zipu. Mshono wa kawaida una hatua ya milimita 2.5 na ukingo wa sentimita 1.5. Sindano namba 80 inafaa kitambaa cha wastani, 90 hadi 100 jinzi. Badilisha sindano baada ya saa 8 hivi za kushona. Nusu ya malalamiko ya "mashine inaruka mishono" huisha hapo, na sehemu kubwa ya nusu iliyobaki huisha ukiuvua uzi wote na kuupitisha upya.

Pamba ifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Asiyefanya hivyo atashona gauni linalokaa vizuri mara moja tu.

Kosa la ushonaji linaonekana haraka na mbele yako, mteja akiwa amesimama kwenye kioo. Kwa wengine hiyo ni afya: hakuna kosa linalokusubiri gizani. Kwa wengine ni mateso. Uongo wake ni "njoo Ijumaa". Fundi anapokea nguo 30 wakati mikono yake inaweza 18, kwa kuwa kukataa kazi kunauma kuliko kuomba radhi. Tiba ni daftari lenye saa, si siku: zipu dakika 40, pindo la suruali dakika 25, gauni jipya saa 9. Jumlisha, na wiki ikijaa sema imejaa. Ukishindwa kumwambia mteja hapana, kazi hii itakufanya mwongo kuliko ofisi ilivyokufanya.

Uuguzi

Katika nne hizi ndiyo pekee ambayo kufaa kwake hakuna mjadala: mtu alikuwa na maumivu, sasa hana. Ndiyo pia yenye mlango mrefu na mgumu zaidi. Kipimo kizuri cha uzito wake ni kanuni ya Umoja wa Ulaya, inayodai mafunzo yasiyopungua miaka 3 na saa 4,600, na angalau nusu ya saa hizo ziwe za vitendo kwa wagonjwa. Kwingine hesabu hutofautiana, lakini mgawanyo haupo mbali: ukifikiri utasoma nadharia jioni huku ukiendelea na ofisi, saa za wodini zitakukwamisha, maana huja kwa zamu, za usiku zikiwemo.

Ubora wa muuguzi uko kwenye mambo madogo yanayorudiwa. Chukua dripu. Daktari ameandika mililita 1,000 kwa saa 8. Mrija ulionao unatoa matone 20 kwa mililita. Hesabu: 1,000 × 20 ni matone 20,000, saa 8 ni dakika 480, jibu ni matone 42 kwa dakika. Siku nyingine stoo inaleta mirija ya matone 15 kwa mililita, na mtu anaendelea na ile 42 aliyoizoea. Maji yanaisha kwa takribani saa 6 badala ya 8, na kwa mwenye moyo dhaifu hiyo si tofauti ndogo. Namba ya matone imeandikwa kwenye pakiti ya mrija. Isome kila mara.

Upumuaji ndio unaotofautisha muuguzi na mjaza chati. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na njia sahihi ni kuhesabu dakika nzima, mgonjwa asijue unahesabu, kwa sababu akijua hubadilisha. Ni kipimo kisicho na mashine, cha kuchosha, na kina thamani kubwa, kwani upumuaji huanza kupanda mapema kabla hali haijaonekana kuzorota. Ndicho pia kinachobuniwa zaidi. Chati yenye 18, 18, 20, 18 kwa wagonjwa wote wa safu moja haikupimwa. Aliyeandika si mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa wengi kuliko dakika. Hilo ndilo swali la kweli la uuguzi kwa anayetafuta kazi ya uaminifu: utafanya nini wodi ikiwa na muuguzi mmoja kwa kazi ya watatu? Jibu linalokubalika ni kuandika kwamba hakikupimwa na kumtaarifu msimamizi wa zamu. Lina gharama, na wapo wasimamizi wasiolipenda.

Mikono huoshwa kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, au kwa dawa ya alkoholi sekunde 20 hadi 30: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi ya kitabibu isiyotakiwa kuingiza vijidudu, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Zidisha kwa wagonjwa 10 na uone ngozi yako itakavyokuwa. Mgongo nao: usimvute mgonjwa kitandani peke yako, tumieni shuka ya kutelezesha mkiwa wawili, kitanda kikiwa kimeinuliwa usawa wa nyonga. Kitanda kisichoinuliwa kwa kuokoa nusu dakika ndicho kinachowatoa wauguzi kazini wakiwa na miaka 50.

Aliyetoka ofisini ana faida moja hapa: amezoea kuandika kwa ufasaha na kukabidhi taarifa. Makabidhiano ya zamu yakienda ovyo, mgonjwa hulipia. Ana na udhaifu mmoja: amezoea kuheshimiwa kwa cheo, na sasa ataelekezwa na mtu wa miaka 26 namna ya kutandika kitanda.

Hesabu ya pesa, bila kutaja fedha

Ita matumizi yako ya mwezi 100. Tuseme mafunzo ni miezi 24, na kwa kazi za pembeni utapata 60 kwa mwezi. Pengo ni 40 × 24, yaani 960. Miezi 6 ya kwanza baada ya mafunzo utapata nusu ya unachohitaji: ongeza 300. Vifaa na ada, weka 200. Jumla 1,460, yaani karibu miezi 15 ya matumizi iwe mkononi kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Badilisha namba uweke zako. Jibu likizidi akiba mara mbili, ushonaji wa jioni unabaki mezani. Uuguzi wa kutwa unasubiri mpaka upate ufadhili au mwenzi wa kubeba nyumba.

Watakaojiajiri wana mtego mwingine, wa bei ya saa. Matumizi 100, gharama za karakana 30, jumla 130 kwa mwezi. Ukigawa kwa saa 180 unazokuwepo kazini unapata 0.72 kwa saa, na utaona bei yako inavutia. Lakini saa 180 hazilipwi zote. Kupima kwa mteja, kununua mbao, kusubiri gari, kudai malipo na kurudi kurekebisha hakuna anayezilipia. Kwa fundi wa peke yake, saa 100 za kulipwa kwa mwezi ni matarajio ya busara. 130 kwa 100 ni 1.3. Aliyetoza 0.72 alikuwa anaomba kama asilimia 55 ya anachohitaji, na kwa kawaida huligundua hilo baada ya mwaka, akiba ikiwa imekauka. Fundi aliyebanwa hivyo ndiye anayelipua kazi. Bei mbovu huja kwanza, uongo hufuata.

Jaribu siku 10 kabla ya miaka 3

Tumia likizo. Omba kumfuata fundi au kujitolea hospitalini kwa siku 10 za kazi mfululizo; siku 2 hazitoshi, kwa kuwa kila kitu kipya kinapendeza kwa siku 2. Ukiwa huko usitazame kazi inayovutia. Tazama kazi inayorudiwa: kupiga msasa, kutindua, kufumua mshono, kutandika kitanda na kubadilisha shuka lililochafuka. Hiyo itakuwa nusu ya maisha yako kwa miaka 2 ya kwanza.

Muulize unayemfuata: mwezi uliopita ulirudi kurekebisha nini? Anayesema hajawahi kurudi, usijifunze kwake. Muulize pia ni kazi gani aliikataa na kwa nini. Fundi asiyewahi kukataa kazi ama ana bahati sana, ama hakatai chochote.

Siku ya 10 usijiulize kama umeipenda. Jiulize kama siku ya 8 na ya 9 uliangalia saa mara ngapi, na kama mwili uliamka.

Kwa maoni yetu, mwenye daftari lililojaa T na familia inayomtegemea aanze na ushonaji wa marekebisho au awe msaidizi wa fundi umeme wikendi, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kuanza bila kuacha mshahara. Mwenye U nyingi asikimbilie useremala wa kujitegemea. Presha ya mtaji itamrudisha kwenye uongo aliokuwa akiukimbia. Umeme wa kuajiriwa, ndani ya kampuni yenye mkaguzi wa nje, unamfaa zaidi. Uuguzi ni wa anayeweza kumudu ile miaka 3 na asiyeogopa kuandika "hakikupimwa".

Miezi 6 kabla ya kuaga

Andika kwa mamlaka ya leseni, si kwa chuo, kuuliza kama cheti cha chuo hicho kinatambuliwa na kama umri au elimu ya zamani ina masharti. Vyuo hujibu wanachotaka usikie. Lipa madeni yenye riba kubwa mapema, ungali na hati ya mshahara. Omba barua ya utumishi na nakala za michango ya pensheni ukiwa bado ndani. Ukishatoka, kila nakala itakuchukua wiki. Anayekwenda kwenye uuguzi aanze chanjo ya homa ya ini B sasa: ratiba ya kawaida ni dozi 3, mwezi 0, mwezi 1 na mwezi 6, na vyuo vingi havimwingizi wodini ambaye hajaikamilisha.